Ugonjwa mnaouita wa paka: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya na mifugo mjini kwetu

Kwa Waheshimiwa:
Mganga Mkuu wa halmashauri yetu,
Mkuu wa Idara ya Mifugo,
na Mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya madiwani.

YAH: TOKSOPLASMOSISI, WAJAWAZITO WETU, NA PAKA WALIOUAWA KWA SUMU

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa mji huu wa pwani tangu kuzaliwa, na nyumba yetu haijapata kukosa paka. Hii si barua yangu ya kwanza kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliileta miezi miwili baadaye. Ya tatu niliambiwa niiache mapokezi, nitapigiwa simu. Sikupigiwa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Sina nia ya kuwavunjia heshima. Ni kwamba muda wote ninaosubiri, akina mama wanaendelea kupewa nusu ya ukweli, na wanyama wanaendelea kufa kwa ajili ya hiyo nusu iliyofichika.

Nieleze kwanza yaliyotukuta.

Mwaka jana binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mimi, alishika mimba yake ya kwanza. Alipokwenda kliniki, mimba ikiwa ya miezi minne, aliulizwa kama nyumbani kuna mnyama. Akasema yupo paka. Nesi, naye naamini alisema kwa nia njema, akamwambia: "Mtoeni leo leo. Paka ana ugonjwa unaoua mtoto tumboni." Hakupimwa. Hakuulizwa anakula nini wala anapika vipi. Alirudi nyumbani macho yamemvimba.

Paka mwenyewe tulikuwa tukimwita Bizari, kwa rangi yake. Alikuwa na miaka tisa. Jioni ile mkwe wangu alimtia kwenye kiroba, akafunga mdomo wa kiroba kwa kamba ya katani, akampakia nyuma ya baiskeli, akaenda kumwachia diko la samaki upande wa pili wa mji. Nilisimama mlangoni nikakiona kile kiroba kikichezacheza mpaka baiskeli ikakata kona. Sikumzuia. Mtu akishaambiwa mwanawe atakufa, utamzuia kwa neno gani?

Usiku huohuo kijana yule, kwa kutaka kumliwaza mkewe, alileta mishikaki ya barabarani. Ile sahani naiona mpaka leo. Nyama ilikuwa imebabuka nje, ndani nyekundu, na maji yake mekundu yamechuruzika hadi kwenye kachumbari. Binti alikula vijiti vinne. Kando ya kitanda chake, ndani ya kikopo cha maziwa, kulikuwa na udongo wa kutafuna aliouanza tangu mimba ilipoingia, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu. Paka tumemtoa, na njia ambazo ugonjwa huu hupitia zaidi zimo humohumo chumbani, nasi tukalala tukiamini tumemwokoa mtoto.

Malalamiko yangu yote yamo katika usiku ule. Sasa niyapange kwa namba ili yajibiwe moja moja.

1. Jina mlilouachia ugonjwa huu limewapotosha watu.

Mtaani kwetu hakuna anayesema toksoplasmosisi. Watu wanasema "ugonjwa wa paka", na jina hilo halikuzuka mtaani, limetoka kwenye vyumba vya kliniki. Mtu akishalisikia anajua wa kumlaumu, na hatafuti tena.

Kimelea chenyewe, Toxoplasma gondii, hakikuonekana kwanza kwa paka. Charles Nicolle na Louis Manceaux walikiona mwaka 1908 mjini Tunis, katika mnyama mdogo wa Afrika Kaskazini aitwaye gundi, na ndiyo asili ya hilo neno la pili la jina lake. Mwaka uleule Alfonso Splendore alikiona katika sungura huko Brazil. Ilipita miaka sitini ndipo wataalamu wakathibitisha sehemu ya paka katika jambo hili. Kwa miaka hiyo yote walikuwa wakikikuta katika kondoo, mbwa, ndege na watu.

Sehemu ya paka ipo, wala siifichi. Ni ndani ya utumbo wa paka na jamaa zake peke yao ambamo kimelea hiki hukamilisha uzazi wake na kutoa vijiyai vinavyotoka na kinyesi. Lakini tazameni inavyokwenda. Paka hukipata kwa kula panya, ndege, au nyama mbichi yenye kimelea. Siku 3 hadi 10 baadaye huanza kutoa vijiyai, kwa mamilioni, na huendelea kwa wiki moja hadi tatu. Kisha mwili wake hujijengea kinga, na kwa paka walio wengi ndiyo inakuwa mara moja katika maisha yao. Isitoshe, vijiyai vikitoka leo haviwezi kumwambukiza mtu leo. Vinahitaji siku 1 hadi 5 nje, kwenye hewa na unyevu, ndipo vikomae.

Kwa hiyo sanduku la mchanga la paka likisafishwa kila siku, na mtu asiye mjamzito, hatari huzolewa kabla haijakomaa. Kumpakata paka, kumsugua kichwa, kulala naye chumba kimoja, si huko ugonjwa unakotoka. Wa kuangaliwa zaidi ni paka mchanga aliyeanza kuwinda, au yule anayetupiwa mabaki mabichi ya bucha. Bizari wangu, mla panya wa miaka tisa, kama alipata kimelea basi alikwisha kukipata na kukimaliza binti yetu akiwa bado shule ya msingi.

Maneno haya ni ya dakika tatu. Nesi angeweza kuyasema huku akipima presha.

2. Njia zenyewe hazitajwi.

Katika kadi ya kliniki ya binti yetu, na katika mabango yote yaliyobandikwa ukutani pale (nimekwenda mwenyewe kuyasoma, moja baada ya jingine), hakuna mstari hata mmoja juu ya nyama isiyoiva. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa miji sita ya Ulaya: Naples, Milan, Lausanne, Brussels, Copenhagen na Oslo. Walipohesabu, nyama isiyoiva vizuri ilibeba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi. Kugusa udongo kulibeba kati ya asilimia 6 na 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Ulaya si kwetu, najua, na jikoni zao si zetu. Lakini ndio sababu ya kulitazama jiko letu kwa macho yetu.

Hebu tulitazame. Supu ya utumbo au makongoro iliyochemka tangu alfajiri haina shida, kwa sababu kimelea kilichojificha ndani ya nyama hufa moto ukifika nyuzi 67 za sentigredi hadi katikati ya mnofu. Shida ni mishikaki ya haraka, maini yanayogeuzwa mara mbili kwenye kikaango, na nyama choma inayosifiwa kwa kuwa na damudamu. Shida ni ubao mmoja wa kukatia nyama na vitunguu vya kachumbari, kisu kilekile, kitambaa kilekile. Shida ni mama anayetengeneza kababu, anachota nyama ya kusaga kwa ncha ya kidole, mbichi, anaonja kama chumvi imekolea. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka arobaini. Marehemu mama yangu alifanya hivyo. Hakuna aliyetuambia, na katika utafiti ule kuonja nyama mbichi kulitajwa miongoni mwa mambo ya hatari.

Kuna mboga za majani pia. Mchicha wetu unalimwa bondeni, karibu na mitaro, na paka wa mji mzima wanajisaidia kwenye matuta kwa sababu udongo wake ni laini kufukua. Vijiyai hukaa katika udongo wenye unyevu mwaka mzima na zaidi. Mchicha unaopikwa haudhuru. Lakini majani ya saladi, giligilani na nyanya za kachumbari huliwa mabichi, na mara nyingi huoshwa kwa kuchovywa tu katika beseni moja ambalo maji yake hayabadilishwi tangu asubuhi. Kuku wa kienyeji naye hudonoa udongo huohuo kutwa, kwa hiyo nyama yake inataka kuiva kweli. Maji ya kisima kisichofunikwa yachemshwe. Maziwa ya mbuzi, vivyo hivyo.

Na udongo wa kutafuna. Kila mtu katika mji huu anajua kwamba wajawazito wetu wanakula udongo. Kila nesi anajua, na wengine waliula wenyewe. Udongo ule umechimbwa wapi, umeanikwa wapi, nani alipita juu yake usiku? Mama anaulizwa habari za paka, haulizwi habari za udongo alionao mkobani wakati huohuo akiwa ameketi kwenye benchi la kliniki.

3. Mjamzito hapimwi, na akijipima hana wa kumsomea jibu.

Wiki moja baada ya Bizari kutolewa, binti alichukua fedha alizokuwa amewekea kanga za uzazi, akaenda kupima katika maabara ya kulipia. Alirudi na karatasi yenye mistari miwili: IgG chanya, IgM hasi. Akaipeleka kliniki. Aliyeipokea akaona neno "chanya", akamwambia: "Basi unao." Siku mbili hakula. Nilikuwa namsikia usiku akiongea na tumbo lake.

Ilibidi tumtafute daktari mstaafu, mzee tuliyekaa naye jirani zamani. Aliiweka karatasi mezani, akavaa miwani, akatueleza pole pole. IgG ni kingamwili za kumbukumbu: mwili umewahi kukutana na kimelea, tena si jana. IgM ndizo huonekana maambukizi yanapokuwa mapya. Mwenye IgG bila IgM, katika nusu ya kwanza ya mimba, aliambukizwa kabla ya kupata mimba, na akiwa na afya njema kinga yake humlinda mtoto. Anayehitaji ulinzi zaidi ni yule ambaye vipimo vyote viwili ni hasi, kwa sababu akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kimelea kinaweza kuvuka kondo la nyuma. Miezi mitatu ya mwanzo kuvuka huko ni kwa nadra zaidi, lakini kikivuka madhara huwa makubwa: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na kichwa maji, ubongo kudhurika. Miezi ya mwisho huvuka kwa urahisi zaidi, na watoto wengi huzaliwa wakionekana wazima, kisha macho huja kuharibika baadaye, pengine ukubwani.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo Bizari tulimtupa bure?" Yule mzee akavua miwani, asijibu.

Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Paka hakurudi.

Waheshimiwa, sijaomba tuwe Ufaransa, ambako upimaji wa ugonjwa huu uliwekwa kisheria tangu mwaka 1978, na mama ambaye hana kinga hupimwa tena kila mwezi mpaka ajifungue. Najua uwezo wetu. Lakini utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban watatu katika kila kumi wana kingamwili hizo. Geuzeni hesabu: saba katika kumi hawana kinga, na hao ndio wanaoweza kuambukizwa kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba. Hao saba hawahitaji mashine ili waambiwe waive nyama. Wanahitaji mtu wa kuwaambia.

4. Wanaoishi na VVU wamesahauliwa katika mazungumzo haya.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri, kimelea hulala kimya ndani ya misuli na ubongo maisha yake yote asijue. Kinga ikishuka sana, hasa CD4, yaani chembe za kinga katika damu, zikiwa chini ya 100, huamka. Mtu huumwa kichwa, huchanganyikiwa, hupata degedege, hupooza upande mmoja. Jirani yangu mmoja alishauriwa afukuze paka wake wawili. Akawafukuza. Wakati huohuo alikuwa ameacha septrini kwa sababu aliambiwa zimekwisha, arudi wiki ijayo, na nauli ya wiki ijayo hakuwa nayo. Septrini ndiyo inayomkinga, na dawa za kufubaza virusi ndizo zinazoirudisha kinga yake. Kwa mtu kama yeye ugonjwa mara nyingi ni kile kimelea cha zamani kinachoamka, wala paka wa leo hausiki. Nimeona nilitaje hili kwa ufupi kwa kuwa mwenyewe hawezi kulisema hadharani.

5. Mnyama akiugua hana wa kumtazama.

Katika maneno yote ya "ugonjwa wa paka" hakuna anayekumbuka kwamba paka naye huugua. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini mtoto wa paka, au paka mwenye kinga dhaifu, hupata homa, hukataa chakula, hupumua kwa shida kwa sababu ya mapafu, macho hugeuka mekundu na kufunga ukungu, wengine hupata manjano. Mbwa nao hupatwa, zaidi wale wachanga au waliodhoofishwa na ugonjwa mwingine, wakayumba na kutetemeka. Mbwa hatoi vijiyai kama paka. Hayo nayo watu hawayajui, na nimeona mbwa akifukuzwa pamoja na paka kwa kosa lilelile.

Dawa ipo. Klindamisini, inayotumika pia kwa watu, humsaidia paka akiwahiwa. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka mtoto wa paka aliyekuwa akihema kwa mdomo katika ofisi ya mifugo. Niliyemkuta aliniambia: "Mama, sisi hapa ni wa ng'ombe na mbuzi." Nikarudi naye kikapuni. Alikufa kabla ya magharibi.

Haya, tuseme ni mbuzi. Wafugaji wa pembeni mwa mji wanajua mbuzi wanaotupa mimba zizi zima msimu mmoja. Sababu ni nyingi, brusela ikiwemo, na toksoplasmosisi ni mojawapo. Nimemwona mwanamke akimvuta mtoto wa mbuzi aliyekufa kwa mikono mitupu, naye tumbo lake liko mbele, kisha kondo likatupwa jaani ambako mbwa na paka wanangoja. Mahali pale pamekutana ugonjwa wa mbuzi, wa paka na wa mama, na hakuna bwana mifugo wala bibi afya aliyefika.

6. Sumu iliyomwagwa vichochoroni.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitaandika nikiwa na uchungu.

Baada ya maneno ya kliniki kuenea, ikapita wiki mbili tukaamka alfajiri tukakuta vipande vya nyama vimetupwa vichochoroni, kwenye ngazi, na chini ya baraza za watu. Kufika saa mbili asubuhi paka walikuwa wamelala kila mahali, miguu imekakamaa, midomo ina povu. Nilihesabu kumi na saba kutoka kwangu hadi msikitini. Mmoja alikuwa hajafa. Mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la pili, alikuwa amechuchumaa mbele yake na kikombe cha maji. Nilimshika mkono nikamwondoa, na kile kikombe nikakimwaga, kwa sababu sikujua sumu ile imefika wapi. Mbwa wa mlinzi wa duka naye alikufa siku ile, na kunguru wawili.

Aliyeweka sumu hakutajwa. Hakuna aliyeulizwa. Barua yangu ya pili kwenu ilihusu jambo hili tu, na haikujibiwa.

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumuua mnyama kwa mateso namna ile si jambo la kunyamaziwa. Lakini hata mtu asiyempenda paka atazame faida. Mizoga ilikaa jua zima. Nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na paka wengine kutoka mitaa ya jirani, wengi wao wachanga, na tumekwisha kuona kwamba paka mchanga anayeanza kuwinda ndiye mwenye kutoa vijiyai. Mmeondoa wazee wenye kinga, mmekaribisha vijana wasio nayo. Katikati ya hapo panya wametamalaki. Julai 2022, kule Lindi, homa ya mgunda iliua watu watatu, na kila mtu katika nchi hii alijifunza siku zile kwamba mkojo wa panya ni miongoni mwa vinavyoeneza ugonjwa ule.

Najua baadhi ya majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeyasikia kaunta.

Mtasema ugonjwa huu haumo katika vipaumbele, kwamba kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya Bonde la Ufa viko mbele. Sawa, na vibaki mbele. Lakini mmekwisha kuutaja ugonjwa huu kwa akina mama. Mmeutaja vibaya. Ninaomba mtaje sawasawa kile mnachokitaja tayari.

Mtasema hakuna fungu. Ubao wa kliniki upo, chaki ipo, na kila asubuhi wajawazito wanakaa pale saa mbili nzima wakisubiri. Mimi mwenyewe nimefundisha kwa chaki miaka thelathini na minne, nitakuja bure.

Mtasema afya ya watu ni idara moja na wanyama ni idara nyingine. Hili ndilo lililonichosha zaidi. Nilipokwenda afya nilielekezwa mifugo, nilipokwenda mifugo nikarudishwa afya, kutoka jengo hadi jengo, jua kali, na faili kwapani. Mwaka 2018 nchi yetu ilizindua mpango wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu hiihii kwamba magonjwa hayajui mipaka ya ofisi. Majengo yenu yanatenganishwa na mwembe mmoja.

Na mtasema paka wamezidi. Ni kweli, wamezidi. Kuwahasi na kuwachanja kichaa cha mbwa, kisha kuwarudisha walipokuwa, ndiyo njia inayopunguza idadi bila kuacha nafasi ya wageni. Tunao vijana mtaani walio tayari kuwakamata. Tunachokosa ni daktari wa mifugo mwenye ruhusa yenu na siku mbili kwa mwezi.

Kwa hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, agizo la maandishi liende katika kliniki zote za wajawazito za halmashauri kwamba asiambiwe mama amtupe paka. Aambiwe nyama iive, ubao na kisu vioshwe, asionje nyama mbichi, mboga mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, aache udongo wa kutafuna au asaidiwe kuuacha, avae glavu au mfuko mikononi akilima, na mchanga wa paka usafishwe kila siku na mtu mwingine. Paka alishwe chakula kilichopikwa, asitupiwe mabaki mabichi.

Pili, pawe na angalau hospitali moja ya umma ambapo mjamzito anaweza kupimwa, na mtu mmoja aliyefundishwa kusoma majibu. Dawa zipo: spiramisini kwa mama aliyeambukizwa karibuni, na nyinginezo kadiri mimba inavyokua. Lakini dawa haiwezi kuanza kwa karatasi ambayo hakuna anayeielewa.

Tatu, bucha na wauza mishikaki watembelewe na bwana afya kwa jambo hili mahususi, bila kuwaonea. Kijana wa mishikaki hana nia ya kumdhuru mtu. Aonyeshwe tu mnofu ulioiva unavyokuwa.

Nne, sumu ipigwe marufuku hadharani, kwa tangazo la kipaza sauti mtaa kwa mtaa kama mnavyotangaza kodi ya majengo, na uchunguzi wa ile ya mwaka jana ufunguliwe.

Tano, ofisi ya mifugo iwe na siku maalumu ya kutazama paka na mbwa, na mfugaji ambaye mbuzi wake wanatupa mimba ajue pa kupeleka taarifa.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 kuanzia leo. Nakala za barua zangu tatu za mwanzo, zenye mihuri yenu, ninazo, na nitazileta siku mtakayoniita. Kama mtaniruhusu kuanza na somo la kliniki kabla ya mengine, niko tayari Jumatatu yoyote saa moja na nusu asubuhi, kabla foleni ya kadi haijaanza kusogea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa mji wa kale

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa, ubao wa matangazo wa kliniki ya wajawazito, baraza la msikiti, kituo cha mishikaki cha njia panda.